Mpiganaji wa Kwetu Anatoka Nchi Gani?

Jumamosi iliyopita nilikaa na mpwa wangu katika kibanda umiza kimoja hapa Chang'ombe, Dodoma, tukitazama The Quest, filamu ambayo Jean-Claude Van Damme aliiongoza mwenyewe mwaka 1996 akiwa pia ndiye steringi. Wapiganaji walipokutanishwa katika ule mji uliofichika Tibet kushindania joka la dhahabu, mtoto alikuwa akihesabu nchi zao kwa vidole: Siam (Thailand ya leo), Brazil, Uturuki, Ugiriki, Hispania, Mongolia. Ilipofika zamu ya Afrika alinigeukia akaniuliza, "Mjomba, huyu wa kwetu anatoka nchi gani?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa filamu inamtaja kuwa wa Afrika tu, na hadi leo ninaona uchungu.

Mtu mmoja amebebeshwa bara zima. Wapo watakaosema kwamba hadithi hii inatokea mwaka 1925, wakati karibu Afrika yote ilikuwa mikononi mwa wakoloni. Hoja hiyo siikubali hata kidogo, kwa sababu Korea nayo ilikuwa chini ya Japani tangu 1910, na Uskoti haikuwa dola inayojitawala, lakini zote mbili zimepewa mpiganaji na jina. Nchi yetu ilikuwa ikiitwa Tanganyika tangu 1920, na reli ilikwisha kufika Dodoma tangu 1910; kijana wa Kigogo aliyezoea kulinda ng'ombe wa baba yake kwa fimbo angeweza kupanda treni hapa stesheni, akashuka Dar es Salaam na kutafuta meli ya kwenda mashariki.

Linaloniumiza zaidi ni capoeira. Mbrazili wa filamu hii anapigana kwa mchezo ulioanzishwa na Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka Angola, na ambao wazao wao waliushikilia hata baada ya sheria ya Brazil ya mwaka 1890 kuufanya kosa la jinai. Brazil inastahili heshima hiyo, wala siwanyang'anyi. Hata hivyo, inawezekanaje mateke yale yakawa na nchi, na kule yalikotoka kusiwe na nchi hata moja?

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba mapambano yamepangwa vizuri na kwamba kukusanya mitindo mingi kiasi kile si kazi ndogo. Waliojua kumpeleka Dubois, mhusika anayeigizwa na Van Damme, akajifunze ndondi za Siam mahali penyewe walishindwaje kuuliza habari za kwetu? Wahausa wa Nigeria wana dambe, ngumi za mkono mmoja uliofungwa kamba. Wasenegali wana laamb, mieleka inayoambatana na ngoma. Visiwani Zanzibar kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo. Mpiganaji yuleyule angeweza kuitwa Msenegali, au wa Nigeria, au wa Tanganyika, kwa sauti ileile iliyoita Ugiriki, na lingebadilika neno moja tu katika filamu nzima.