Nani kakwambia Paris inaisha?

Juzi nimetupia picha kwenye grupu la familia, wanangu wako mezani wanagombania chipsi, na kabla hata sijaweka simu chini shemeji yangu kashajibu: "Paris tena? Si mlishaimaliza?" Halafu vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nikamrudishia dole gumba, shemeji ni shemeji, heshima lazima iwepo. Ila hapa niko kwangu, acha niseme.

Hivi mji unamalizwaje? Maana shemeji namjua anavyosafiri. Familia inaamshwa alfajiri, saa tatu mnara, saa tano makumbusho, saa nane boti, mtoto akisema miguu inauma anaambiwa utapumzika hotelini, na hotelini wakifika kila mtu kazimika. Wanarudi na picha za kujaza simu mbili na ugomvi wa mke na mume ambao mpaka leo haujapata msuluhishi. Hapo ndo wamemaliza mji. Hongereni.

Chukua makumbusho ya Louvre. Mara ya kwanza utaenda kwa Mona Lisa, huna ujanja, ukirudi nyumbani hujamwona utaulizwa ulifuata nini. Picha yenyewe ndogo, sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, na kati yako na yeye ni mikono tu iliyoinua simu. Unasukumwa, unaishia kupiga picha simu za wenzio, wahudumu wanawasogeza, umetoka. Sasa ukuta wa pili wa chumba hichohicho, mgongoni kwako kabisa, kuna mchoro wa Veronese, mchoraji wa Italia, wa harusi ya Kana, ile ya maji kugeuka divai, kauchora mwaka 1563, upana wake karibu mita 10 na kwenda juu karibu mita 7, ndo mkubwa kuliko michoro yote mle ndani, majeshi ya Napoleon waliung'oa Venice mwaka 1797 na haujarudi kwao hadi kesho. Na watu wanaupa mgongo! Mchoro mkubwa kama nyumba, watu wanaupa mgongo ili wapige selfi na picha ya saizi ya trei.

Tuliporudi Louvre mara ya pili, binti yangu hakuwa na deni tena na Mona Lisa, kwa hiyo akageuka. Kitu cha kwanza kuuliza, "Bibi harusi yuko wapi?" Nikakodoa macho weee, maana mle kuna watu zaidi ya mia, kumbe maharusi wamesukumwa kule mwisho wa meza kushoto, katikati kakaa Yesu na karibu hakuna anayemwangalia, kila mtu yuko bize na shughuli. Akaona mbwa. Akaona paka upande wa kulia kalala chali anaparua mtungi. Kaka yake naye akaanza kutafuta nani anaonja ile divai, wakaanza kubishana palepale, na mimi nimesimama tu nafurahi maana hakuna aliyeniuliza tunaondoka saa ngapi. Sasa niambieni, hiki kitu ungekipata vipi safari ya kwanza, saa nane boti inakusubiri? Haiwezekani. Safari ya kwanza unalipa madeni, ya pili ndo unaangalia. Na mtoto ndo zaidi, mtoto haoni kitu mpaka woga wa ugeni umtoke, kwanza anahangaika choo kiko wapi na wazazi wasimpotee, ukimrudisha mahali anapopajua ndo macho yanafunguka.

(Na Jumanne Louvre imefungwa jamani. Mwambieni na mwenzenu.)

Halafu mji wenyewe haukai ukikusubiri. Kanisa kuu la Notre-Dame liliungua Aprili 2019, mnara wake wa juu ukadondoka dunia nzima inaona, wakafunga zaidi ya miaka mitano, wamefungua tena Desemba 2024. Sisi tuliwahi kuizunguka kwa nje imejaa majukwaa ya mafundi, watoto wakasema basi hii ndo imekufa. Sasa hivi ukiingia ndani mawe yamesafishwa, meupe, mdogo akanibana, wamesema ilianza kujengwa mwaka 1163 mbona mpya? Aliyeimaliza Paris zamani anayo ile ya giza tu, abaki nayo.

Mnara wa Eiffel hatupandi tena, tunaitazama kwa chini usiku inavyometameta dakika tano kila saa inapogonga, inatosha na ni bure.

Sasa hizo chipsi zilizomkera shemeji zilikuwa za mgahawa wa Bouillon Chartier, na ndiyo, tunarudi palepale kila tukienda. Pale pamefunguliwa mwaka 1896, na ukutani kuna vidroo vidogo vyenye namba, zamani wateja wa kila siku waliweka vitambaa vyao vya mezani humo. Yaani mgahawa umetengeneza fanicha kwa ajili ya watu wanaorudi! Mhudumu anaandika oda juu ya karatasi iliyotandikwa mezani na hesabu anapiga hapohapo, kijana wangu siku hizi anajumlisha na yeye kwa kupindua shingo, anasubiri kwa hamu amkamate kakosea. Hajamkamata. Zamani huyu mtoto alikuwa anajificha nyuma ya menyu, sasa anaagiza mwenyewe kwa Kifaransa cha kubabaisha na anaeleweka.

Haya, nitakubali kidogo, msizoee. Kuna mgahawa mwingine tulioupenda sana tukarudi tukakuta umepata mmiliki mwingine, menyu ina mapicha na lugha sita, tumewekwa mlango wa choo, supu ya baridi. Iliuma. Na tiketi ya ndege haina huruma kwa sababu eti wewe ni mzoefu, hela hiyohiyo ungeona mji mwingine, sibishi. Ila watoto chini ya miaka 18 Louvre wanaingia bure, Notre-Dame kiingilio hakuna, na mzoefu haliwi hela na migahawa ya pembeni ya mnara. Fanya hesabu yako.

Kwa taarifa tu, Orsay, ile makumbusho iliyokuwa stesheni ya treni, bado hatujaikanyaga. Kila tukiipanga mdogo anatuvuta bustani ya Luxembourg, hapohapo Paris, akasukume zile boti za mbao na fimbo, na tukishafika pale hatoki mtu.