Shemeji, Makopo Mawili na Jua la Utosi

"Shem, waksi nimeshapaka. Mbona haitoki?"

Simu iliingia saa sita mchana, na mnunuzi wa gari lake alikuwa afike saa kumi. Nilipofika nikamkuta shemeji ameketi kwenye ngazi, jasho linamchuruzika, kitambaa begani. Lile gari lake jeusi lilikuwa jeupe kuanzia boneti mpaka buti. Kopo la gramu 200 la waksi, ile nta ya kung'arishia gari, ambalo hutosha kupaka gari dogo mara nyingi tu, alikuwa amelikwangua hadi nusu.

"Umeanza na lipi?"

"Waksi. Halafu nikaongeza glezi juu, ling'ae zaidi."

"Na mbona uko juani?"

Akanitazama kwa huruma. "Jua linaiyeyusha, shem. Inazama vizuri kwenye rangi."

Sasa, nta ya karnauba iliyomo kwenye kopo lile hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi huko Brazili, na haiyeyuki mpaka nyuzi 80 na kitu. Kinachotokea juani ni kwamba viyeyushi vilivyomo kwenye waksi vinaruka kabla hujamaliza kuisambaza, nta inabaki imegandamana na bati. Ukiweka mgongo wa mkono kwenye boneti ukashindwa kuuacha hapo, usipake kitu. Shemeji niliyemwambia aweke mkono aliuweka, akautoa mbio, akasema, "Ya kawaida tu."

La mpangilio ndilo baya zaidi. Glezi ni mafuta na vijazio laini vinavyojaa ndani ya mikwaruzo midogo, ile inayoonekana kama utando wa buibui taa ikimulika. Mwanga hauvunjiki ovyo tena, rangi inaonekana na kina. Lakini haiondoi mkwaruzo, na yenyewe haidumu: ukiosha gari mara chache tu imekwenda. Ndiyo maana waksi inakuja juu yake kuifunika. Ukipindua, mafuta na visafishaji vya glezi vinailainisha waksi uliyoitolea jasho, na vyote viwili vinageuka kinyunya.

Tukalisukuma kivulini tukaliacha lipoe. Hapo nikachota waksi kidogo, nikapaka juu ya ile iliyokauka.

"Unaongeza tena?" Sauti ilimkatika.

Ndiyo dawa yake. Viyeyushi vya waksi mbichi vinalainisha ile kavu. Unafuta papo hapo, kipande kwa kipande. Shemeji akachukua kitambaa chake, kikamponyoka, kikaanguka mchangani, akakiokota, akakipiga mguuni mara mbili, akaelekea mlangoni. Nilimrukia. Vanishi ya juu kwenye rangi ya gari huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani kama nusu ya karatasi ya kuandikia. Punje moja ya mchanga ndani ya kitambaa inatosha kuchora ramani. Kilichoanguka hakirudi kwenye rangi hadi kifuliwe, basi.

Baada ya hapo tukaosha kwa sabuni ya vyombo. Kwa uoshaji wa kila siku siipendi kabisa, kwa kuwa inaondoka na waksi, lakini siku ile ndicho tulichokuwa tunakitaka. Tukasuuza, tukakausha hadi kwenye mikunjo ya milango, maana maji yanayojificha pale hutoka yenyewe ukishapaka.

Glezi nikaipaka mwenyewe. Matone matatu manne kwenye sponji laini, eneo la sentimita 50 kwa 50, unasugua taratibu mpaka ibaki ukungu tu, unafuta. Kisha waksi, nyembamba kiasi kwamba unajiuliza kama kweli umepaka. Watu wengi hudhani tabaka nene linalinda zaidi. Ile ya ziada yote unaifuta na kuitupa na kitambaa, haina faida yoyote.

Kujua kama imekauka, unapitisha kidole kimoja. Kikiacha njia safi inayong'aa, futa. Kikivuruga, subiri. Nikamwonyesha shemeji, nikageuka kuchukua kitambaa kingine. Niliporudi alikuwa ameshapima boneti, milango minne na paa, kwa vidole vyote kumi.

"Imekauka," akaripoti.

Zikabaki plastiki nyeusi za bampa na vioo vya pembeni, ambazo nazo alikuwa amezipaka. Plastiki isiyopigwa rangi ina vinyweleo. Waksi ikiingia humo hukauka ikawa nyeupe, na sabuni haiigusi. Nikatengeneza spiriti na maji, nusu kwa nusu, nikamwambia atafute mswaki laini asugue bila kugusa rangi. Akaingia ndani, akatoka nao. Weupe ulikuwa umeisha wote, na nilikuwa ninapaka mafuta ya plastiki, dada yangu alipotokea mlangoni akauliza nani kauona mswaki wake. Shemeji akaurudisha mfukoni.

Saa kumi kamili mnunuzi akafika, mama wa makamo na mkoba mkubwa. Akalizunguka gari, akainama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Limetunzwa," akasema. Shemeji akavimba.

Mama akaingia, akawasha injini, akanyunyiza maji kwenye kioo cha mbele na kufungulia waipa. Zikaruka. Zikapiga kelele, krrr, krrr, zikaacha ukungu wa maziwa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Nikamgeukia shemeji. "Umepaka kioo?"

"Nacho kinatakiwa king'ae," akanong'ona.

Waksi kwenye kioo cha mbele hufanya mpira wa waipa udunde badala ya kuteleza, na usiku taa za magari yanayokuja husambaa kioo kizima. Mama hakuhitaji maelezo. Akashuka, akafungua mkoba, akatoa kichupa cha spiriti na kitambaa, akasafisha kioo kikawa safi. Halafu akatulia kidogo, akitazama boneti.

"Hebu," akasema, akafuta sehemu ya ukubwa wa kiganja.

Mikwaruzo yote ikarudi nyumbani.

"Mwanangu, hapa mmejaza glezi."

Akaenda mlangoni, akafuta kiganja kingine. Akaenda buti. Kila alipopita aliacha kidirisha kisicho na kina wala mng'ao, kimejaa mistari, na shemeji nyuma yake akihesabu kwa midomo kila kidirisha kimempunguzia kiasi gani. Kwa upande wangu sioni ubaya wa glezi. Magari ya maonyesho hupakwa kila mara. Ubaya ni kumwambia mtu kwamba rangi haina mkwaruzo, na shemeji alikuwa amelisema hilo kwenye simu.

"Mikwaruzo hii inatoka kwa mashine na polishi ya kukata, ile inayosaga vanishi kidogo," mama akasema, akifunga kichupa. "Gharama yake tunaitoa kwenye bei." Akataja bei. Shemeji akameza mate, akakubali.

Tulidhani yameisha. Mama akapitisha kidole kwenye ukingo wa paa, mahali ambapo hakuwa amefuta, akakitazama.

"Lakini waksi imepakwa vizuri. Nyembamba, haina mabaki hata kwenye mikunjo. Nani kapaka?"

"Mimi," shemeji akasema, kabla sijafungua mdomo.

"Basi njoo Jumamosi. Nina magari mengine mawili, yote meusi."

Akaondoka na namba ya simu ya shemeji. Shemeji akalisindikiza gari la mama kwa macho mpaka likapinda kona, kisha akanigeukia taratibu, mkono mmoja mfukoni kwenye ule mswaki.

"Shem, Jumamosi una shughuli?"