Baiskeli Yangu Haiuzwi

Jumapili iliyopita kulifanyika kikao nyumbani kwangu Sinza, Dar es Salaam, na ajenda ilikuwa mimi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alifunga safari kutoka Mbagala na wadogo zake wawili. Wakala, wakashiba, kisha akakohoa kidogo na kuanza: "Shemeji, tunakupenda, ndiyo maana tumekuja. Hiyo baiskeli iuzwe. Presha unayo, bega limeshavunjika, watoto bado wanasoma. Kaa nyumbani, tulia, uangalie mpira wako." Na walikuwa wamejipanga kweli, maana tayari walikuwa wamechangishana hela ya luninga kubwa ya kutundika ukutani.

Niliwashukuru, na ninawashukuru tena hapa. Ndugu anayekuja kukaa nawe kwa ajili ya afya yako ni ndugu kweli. Lakini wamenikasirisha, na wiki nzima nimekuwa nikiwajibu kimoyomoyo njiani kwenda kazini. Bora niandike.

Nianze na presha, kwa kuwa ndiyo iliyonipandisha kwenye baiskeli. Nilikwenda kupima baada ya kichwa kuniuma mfululizo. Nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, kikabana, kikaachia, akatazama kioo, hakusema kitu, akahamia mkono wa pili. Kilisoma 170 kwa 110, akaniambia nisiondoke. Kwetu namba hizo zina historia. Baba alianguka alfajiri akienda msalani, kiharusi, akaishi miaka bila kuongea, na sisi wanawe tukajifunza kumgeuza kitandani kwa zamu ili asipate vidonda mgongoni. Kwa hiyo nesi alipokuwa akiandika zile namba, mimi nilikuwa namwona baba.

Daktari akanipa vidonge, akanikataza chumvi ya mezani, na akasema mwili ufanye kazi walau dakika 150 kwa wiki. Kukimbia siwezi, goti langu liliishia kwenye mpira wa mchangani zamani. Ndipo nikanunua baiskeli ya mtumba, fremu nzuri ya alumini lakini magurudumu yamepinda, nikaipeleka kwa fundi wangu pale Shekilango. Mtu huyu hana mashine yoyote ya kupimia. Anaigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu, anaweka ukucha wa kidole gumba karibu na rimu na kusikiliza linapogusa, kisha anakaza spoki moja, analegeza ya upande wa pili, anazungusha tena. Alikaa na lile gurudumu la nyuma karibu asubuhi nzima, hadi likazunguka bila kugusa ukucha. Nilimlipa alichotaka na nikaongeza.

Vidonge naendelea kumeza hadi leo, na asikudanganye mtu kwamba baiskeli peke yake inatosha. Lakini presha iliyokuwa imegoma kushuka chini ya 150 sasa inacheza kwenye 130, daktari amepunguza dozi, na usingizi ninaupata. Haya yameandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki. Shemeji akitaka kuiona, ipo kabatini.

Halafu kuna mambo ambayo kadi haiandiki. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunakutana Mwenge, kila mtu na taa yake, na tunaondoka kabla daladala hazijajaa barabarani. Tegeta bado kuna giza. Bunju kunaanza kupambazuka, na ukishapita pale jiji linakuachia pumzi. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, upepo wa bahari unaingia kutoka kulia, akina mama wanawasha majiko ya maandazi, watoto wanakimbia pembeni wakipiga kelele. Kufika Bagamoyo ni kilomita 60 hivi, miguu imechoka lakini kichwa ni chepesi. Tunakaa kwenye mabenchi karibu na soko la samaki, tunakunywa supu ya pweza na chapati, tunabishana mpira hadi jua linapokuwa kali.

Kundi letu lina mwalimu, dereva wa lori aliyestaafu, vijana wawili wa duka la simu, na dada mmoja muuguzi ambaye kwenye vilima vya Pugu hakuna anayemfikia. Nusu ni Yanga, nusu ni Simba, na sheria ni moja tu: aliyefungwa kwenye dabi analipia supu. Baada ya Yanga yetu kuifunga Simba 5-1 Novemba 5, 2023, watani walilipa bila kusema neno. Nilikuwa sina ndugu wengi hapa mjini, sasa ninao. Nilipolazwa, hawa ndio waliokuwa wakija na uji kwa zamu.

Sasa nije kwenye bega. Ilikuwa Februari mwaka jana, 2025, nikitoka kazini, Barabara ya Morogoro, maeneo ya Manzese. Nilikuwa ndani ya njia ya baiskeli, ile iliyojengwa pamoja na barabara ya mwendokasi, upande wangu, taa zinawaka, kofia ngumu kichwani. Bodaboda ikaja kinyume, humo humo ndani ya njia, ina abiria wawili, inakwepa foleni. Kioo chake kilinasa usukani wangu. Niliangukia bega la kushoto, na nilipojaribu kuinuka mkono ulikataa kunifuata. Mama muuza maembe alinimwagia maji usoni, fundi viatu akaichukua baiskeli yangu na kuiweka nyuma ya kibanda chake, akaitunza hadi mke wangu alipokuja kuifuata. Picha ilionyesha mfupa wa mtulinga umekatika.

Kijana wa bodaboda hakukimbia. Alikaa chini pembeni yangu anatetemeka, akasema, "Mzee, nisamehe, kule kwenye magari wangeniua." Na nilimwamini, kwa sababu ni kweli. Yeye anaogopa lori, mimi namwogopa yeye, na mwenye miguu anatuogopa sote.

Lakini sikilizeni nilichoulizwa hospitalini. Wa mapokezi aliuliza, "Mzee mzima, baiskeli unaendesha ya nini?" Aliyenipiga picha akauliza hivyo hivyo. Jirani yangu wa kitanda, ndugu waliokuja kunisalimia, bosi wangu kwenye simu, wote swali lilikuwa lile lile, wengine kwa huruma kabisa. Hakuna aliyeuliza pikipiki ilikuwa inafanya nini ndani ya njia ya baiskeli. Hakuna aliyeuliza kwa nini njia iliyogharimu fedha nyingi hivyo haina hata nguzo mbili za chuma mwanzoni mwake, zilizosogezwa vya kutosha kuzuia pikipiki na kupitisha usukani wa baiskeli. Hakuna aliyeuliza kwa nini njia hiyo inakatika ghafla kwenye makutano na kukumwaga katikati ya magari, au kwa nini imegeuka kuwa maegesho, gereji na soko la nyanya.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tangu mabasi yaendayo haraka yaanze 2016 tuna njia za baiskeli ambazo mtu anaweza kuzipiga picha na kuziweka kwenye ripoti. Kuzilinda ndiko kulikotushinda. Na kwa kuwa kumekuwa kugumu, tumeamua kumlaumu anayezitumia. Mtu akigongwa akivuka kwenye pundamilia hatumwambii auze miguu. Mwendesha baiskeli akigongwa akiwa mahali pake halali, familia inakaa kikao kumshauri aache.

Na kuna jambo jingine chini ya hilo swali la "mzee mzima". Baiskeli kwetu tumeifanya kuwa chombo cha ambaye hajafanikiwa. Muuza maziwa aendeshe, mchoma mkaa aendeshe, kijana wa mkate aendeshe, lakini mhasibu mwenye ofisi Posta akiendesha, watu wanaanza kuuliza kama kazi bado anayo. Nimeshaulizwa hivyo. Dharau hii ndiyo inayofanya njia zisilindwe, kwa sababu wenye sauti hawapiti humo, na wanaopita humo, wale wa maziwa na mkaa, hakuna anayewaita kwenye mkutano wa kupanga barabara. Wanagongwa bila kuandikwa popote. Mimi nilikuwa na bima, na mwajiri alinivumilia hadi mfupa ukaunga. Muuza mkaa akivunjika mtulinga, nyumba yake inalala njaa wiki hiyo hiyo. Ninapodai nguzo za chuma Manzese, yeye ndiye ninayemfikiria.

Haya, tuje kwenye ushauri wa kukaa nyumbani kutazama mpira kwa ajili ya afya. Mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, tangu utotoni, baba alinibeba mabegani kwenda kutazama Yanga, na sitaiacha hadi nizikwe. Lakini mpira haujawahi kunituliza. Mei 28, 2023, tulipofungwa 2-1 na USM Alger pale Uwanja wa Mkapa, fainali ya Kombe la Shirikisho, nilirudi nyumbani siwezi kula. Wiki iliyofuata tukawafunga kwao 1-0 na kombe likabaki kwao kwa sheria ya mabao ya ugenini. Nina mashine ya presha nyumbani. Usiku ule wa 2-1, vidonge nimemeza, ilisoma 158. Kesho yake alfajiri nilipanda Pugu hadi Kisarawe peke yangu, nikasimama juu kule nikinywa maji, na niliporudi nyumbani nikapima tena: 132. Mnisamehe, lakini ni kipi hapo kiuzwe?

Wala si mimi tu. Watafiti wa Munich walifuatilia Kombe la Dunia la 2006 na kuona kwamba siku Ujerumani ilipocheza, dharura za moyo katika eneo lao zilipanda zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida. Pamoja na hayo, sijawahi kusikia kikao cha familia kikimtaka mtu auze jezi. Na wala nisingependa kukisikia. Machi 8, 2025, mkono wangu ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, nilikuwa nimeshanunua tiketi ya dabi, mechi ikaahirishwa siku hiyo hiyo, na nikaumia kuliko bega. Ilipochezwa Juni 25 na tukashinda 2-0 na ubingwa juu yake, nilipandisha mikono yote miwili kwa mara ya kwanza tangu ajali. Ninaupenda mpira hivyo. Ninachosema ni kwamba kukaa kwenye kochi kuutazama hakuniponyi presha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba baiskeli inaua. Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha aliyekuwa akiwavuta vijana wa Afrika Mashariki kwenye mchezo huu, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano huko Vermont, Marekani, na huyo alikuwa anajua kuendesha kuliko sisi wote tukijumlishwa. Nakubali pia kwamba mke wangu huwa hapati usingizi Jumamosi alfajiri hadi nimtumie ujumbe nikifika Bunju. Hofu yake naiheshimu, ndiyo maana sasa sitoki peke yangu gizani, na ndiyo maana ujumbe sisahau.

Lakini mwaka jana, Septemba, nilitazama mashindano ya dunia ya baiskeli yakifanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika. Wanaume waliendesha kilomita zaidi ya 260 za vilima, Tadej Pogačar akashinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Nilitazama na wanangu. Kilichonigusa zaidi ni watu: vibibi na watoto wa shule wamejaa kando ya barabara, wanampigia makofi hata wa mwisho. Na mji huo hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari mara mbili kwa mwezi ili wananchi wakimbie na waendeshe. Majirani zetu hawa, milima wanayo, bodaboda wanazo, fedha hawatuzidi.

Sisi tuna AFCON 2027 inakuja, pamoja na Kenya na Uganda. Wageni watajazana jijini, na siku ya mechi kubwa Barabara ya Mandela huwa haipitiki, mnajua wenyewe. Mimi huenda Mkapa kwa baiskeli kutoka Sinza, nawapita waliotangulia saa nzima kwa gari, halafu ninaiacha kwa fundi cherehani mmoja Chang'ombe anayeniuliza kwanza kama Yanga tunacheza na nani. Langoni sijawahi kuona mahali pa kufungia baiskeli. Naomba vitu viwili, na nimeshaandika barua: safu ya vyuma vya kufungia karibu na lango, na mlinzi mmoja wa kutoa namba za karatasi. Pamoja na hivyo, zile nguzo za Manzese na Magomeni. Nakala ya barua ninayo, na anayetaka kuweka sahihi yake aje Mwenge Jumamosi hii kabla ya saa kumi na moja na nusu. Tunaelekea Bagamoyo, na supu wanalipa Simba.