Mashine za kahawa ya kapsuli tusiziige

Naishi Hamburg, na huku ofisi nyingi na nyumba nyingi zina mashine ya kahawa ya kapsuli. Unatia kikopo kidogo cha alumini, unabonyeza, kikombe kinajaa kabla hujavaa koti, na kikopo kilichotumika kinaangukia kwenye droo ya ndani. Sasa nikipiga simu nyumbani Dar es Salaam nasikia mashine hizo zimeshazoeleka Masaki na Mbezi Beach, na mdogo wangu wa Sinza ameniomba nimpelekee moja. Nimemkatalia. Naandika sababu zangu hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeitamani.

Tuanze na kikopo chenyewe. Ndani mna kahawa ya unga gramu 5 hivi, ya kikombe kimoja kidogo. Kikishatumika, ukikipasua kwa kisu utakuta kifuniko kimetobolewa matundu madogo madogo, na chini yake machicha ya kahawa yamelowa na kugandamana hadi pembeni. Ukitaka alumini tupu itoke, ukwangue kwa kijiko, usuuze, ndipo uweke pembeni. Nani ana muda huo saa moja asubuhi? Na ukimaliza kazi yote hiyo, mkononi umebaki na kitu cha gramu 1 hivi. Alumini ni madini yanayokula umeme mwingi mno kuyapata. Kuiyeyusha iliyokwisha kutumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati hiyo. Kwa hiyo kila kikopo kinachofukiwa ni hasara ya kweli.

Hamburg ina mapipa ya rangi kwa kila aina ya taka, magari ya kuzoa yanayofuata ratiba, na viwanda vya kuchambua. Pamoja na yote hayo, mwaka 2016 serikali ya jiji hili iliamua kwamba fedha za umma zisinunue tena kahawa ya kapsuli kwa ofisi zake. Umoja wa Ulaya nao, katika sheria yake mpya ya vifungashio, umezihesabu kapsuli hizi kuwa vifungashio, ili anayeziuza abebe wajibu wa taka zake. Wenye uwezo wote wa kuzishughulikia wameona ni mzigo. Sisi tunaupokea mzigo huo kwa furaha ya nini?

Maana njia ya taka ya Dar tunaijua. Mfuko unatolewa mlangoni, kijana wa guta anaupakia, unafika kwenye kizimba au unapanda lori hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Usipozolewa, mvua ya masika inaupeleka mtaroni, na mitaro ikiziba watu wa Jangwani na Msimbazi ndio wanaohama na magodoro kichwani. Kinachookoa vitu njiani ni waokotaji, wale vijana na akina mama wanaokusanya chupa na makopo na kuyauza kwa kilo. Hao ndio mfumo wetu wa kuchambua taka, na wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Lakini hesabu yao ni ya mizani. Kopo la soda lina uzito mara kumi na zaidi ya kapsuli tupu. Ili mtu apate kilo moja ya kapsuli lazima aokote kama 1,000, kila moja imejaa machicha. Hakuna atakayeinama kwa ajili hiyo, na hatuna haki ya kumlaumu.

Zile zinazouzwa kwa jina la kuoza nazo zisitudanganye. Nyingi zinahitaji kiwanda cha mboji chenye joto la nyuzi 60 hivi, lililodhibitiwa. Dampo halina hilo.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba kahawa isiyo na taka tunayo tayari. Nenda Kariakoo, Magomeni au Buguruni jioni, tafuta kijiwe. Birika liko juu ya jiko dogo la mkaa, muuzaji anagonganisha vikombe vya kauri ili wenye kiu wajue amefika, kashata iko kwenye sahani, mabishano ya Simba na Yanga yameshapamba moto. Unakunywa, unarudisha kikombe, unalipa sarafu. Kilichobaki ni machicha tu. Ndiyo, maji ya kusuuzia vikombe yanahitaji kubadilishwa mara nyingi zaidi kuliko inavyofanyika, hilo nalisema bila kuficha. Dawa yake ni ndoo ya pili na sabuni, tusikimbilie vikombe vya kutupa.

Kahawa yenyewe ni yetu pia: arabika ya Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga, robusta ya Kagera. Sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa mbichi. Huku kapsuli ya gramu 5 ikiuzwa nusu yuro, kilo ya kahawa hiyo imefika yuro 100. Sioni kwa nini familia ya Sinza ilipe bei ya namna hiyo kwa zao linalolimwa nchini kwao, wakati unga mzuri unapatikana kwa bei ya kawaida na sufuria ipo jikoni.

Tusiambiane kwamba haiwezekani kukataa kitu kilichokwisha kuingia. Tarehe 1 Juni 2019 tuliachana na mifuko ya plastiki, na sokoni tukaendelea kununua nyanya.

Mdogo wangu nitamletea birika la Kiitaliano la kuchemshia kahawa, la chuma cha pua, lisilotaka hata chujio la karatasi. Wewe uliyekwisha kununua mashine sikwambii uitupe. Tafuta kapsuli ya chuma cha pua inayojazwa upya, inafaa kwenye mashine nyingi, na machicha uyaweke kwenye mchicha wa uani. Wanaoagiza kapsuli kwa makontena ndio ninaowataka wajibu: waweke vituo vya kuzirudishia Mlimani City na kila duka wanakoziuza, na gharama ya kuzikusanya na kuzisafirisha iwe yao, isimwangukie kijana wa guta.