Programu ya zamani haijafa, imefungiwa mlango

Kompyuta mpya ikikuambia kwamba programu yako ya zamani haiwezi kuendeshwa humo, usikimbilie kuifuta. Mara nyingi programu ni nzima, kilichogoma ni kisakinishi, yaani kile kijiprogramu kinachoiweka kwenye kompyuta. Miaka ya 1990 programu nyingi za biti 32 zilikuja na kisakinishi cha biti 16, kizazi cha zamani zaidi, na Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa kitu cha biti 16. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina hata toleo la biti 32, ambalo lingeweza kukiendesha. Nakili folda nzima ya programu kutoka kwenye kompyuta ya zamani, uijaribu. Nyingine hufunguka hapohapo.

Ile sehemu ya upatanifu (Compatibility) kwenye sifa za faili husaidia pale programu inapokagua namba ya toleo la Windows na kukataa. Zaidi ya hapo haina miujiza. Programu za DOS, mfumo uliotangulia Windows, zipeleke kwenye DOSBox, programu inayoigiza mfumo huo. Na watumiaji wa Linux wana bahati ambayo wengi hawaijui: Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, huweza kuendesha programu za Windows za biti 16 ambazo Windows yenyewe imeshazikana!

Mimi naamini zaidi mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako. Unasakinisha mfumo wa zamani ndani ya mpya, programu inajikuta nyumbani. Ila itenge na intaneti, maana mfumo huo haupati tena viraka vya usalama.

Lakini kuna kufuli ambalo mashine pepe hailifungui, nalo ndilo linaloniumiza. Nina programu ya kuchorea niliyoilipia kihalali. Kila inaposakinishwa upya huomba idhini kwa seva ya walioitengeneza, na seva ile waliizima. Michoro yangu ya miaka sita imo kwenye faili ambazo sijapata programu nyingine ya kuzisoma.

Mtengenezaji anayeiacha programu yake aitoe kwanza kwenye kufuli hilo. Akiweza, aachie na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda. id Software waliachia msimbo wa Doom mwaka 1997, na leo mchezo ule wa 1993 unachezwa kwenye mashine ambazo hazikuwapo ulipoandikwa. Sidai programu ya bure. Nilishalipa. Nataka kuifungua michoro yangu.