Simu Ikivuka Mpaka Haina Adabu

Jamani, simu nayo! Ikiwa nyumbani, bando likiisha inanyamaza, mnaheshimiana. Ivushe mpaka uone. Ndege haijasimama sawasawa, tayari mesiji imeingia: karibu ugenini, data utalipia kwa MB. Kwa MB! Nani aliwahi kuiona MB moja akaijua sura yake? Picha moja ya simu za siku hizi inafika MB 3 au 4. Hujatoka hata mlangoni mwa ndege, deni linatembea.

Na ukisema hujatuma picha yoyote, ni kweli, imetuma yenyewe. Inahifadhi picha mtandaoni, inasasisha programu, inavuta barua pepe, na video zinajicheza bila kuombwa. Ndiyo maana rominga ya data, yaani laini yako kutumia intaneti kupitia mtandao wa ugenini, inazimwa kabla ya safari, si baada ya kutua: mipangilio, mtandao wa simu, rominga, zima. Ramani nayo ipakue mapema kwenye waifai. Kujua ulipo ni kazi ya setilaiti na hakuli data. Kinachokula ni kuchora hizo barabara kwenye kioo. Majina uliyoyahifadhi kwa namba zinazoanza na sifuri, yabadilishe yaanze na alama ya + na namba ya nchi, la sivyo utapiga mpaka uchoke.

Sasa njoo kwenye wizi halali. Mtu anakupigia, hupokei. Unajipongeza kwamba umeokoa hela. Thubutu! Kama laini yako ina kisanduku cha ujumbe wa sauti, simu hiyo imesafirishwa mpaka ulipo, ikaita, ukainyamazia, ikarudishwa nyumbani kwenye kisanduku. Ni sawa na kumfukuza mgeni mlangoni kisha ukamlipia nauli ya kuja na ya kurudi. Mitandao mingi inahesabu safari zote mbili. Dawa yake ni kupiga ##002# kabla hujaondoka. Inafuta maelekezo yote ya kuhamishia simu kwingine, kisanduku kikiwemo, na ukirudi utayaweka upya. Kumbe simu ikiwa imezimwa, mtandao wa nyumbani unampeleka mpigaji kisandukuni moja kwa moja, wala gharama ya kukufuata haipo. Yaani ukiwa ugenini, simu salama ni iliyokufa.

Mipakani ndiko kuna kichekesho zaidi. Umoja wa Ulaya ulifuta tozo za ziada za rominga Juni 2017 kwa wenye laini za humo, watu wakashangilia. Lakini Uswisi haimo kwenye umoja huo. Umekaa zako upande wa Ufaransa, karibu na Geneva, simu inaona mnara wa jirani una nguvu, inahamia. Haiulizi! Ondoa uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, uchague mwenyewe kwa mkono. Baharini ni balaa lingine, kwani meli kubwa zina mnara wao ndani unaopitia setilaiti, na vifurushi vingi vya rominga haviugusi. Huko weka hali ya ndege hata kama umepanda meli.

Wajanja watakwambia: nunua eSIM, laini isiyo na kadi inayopakuliwa ndani ya simu, yaishe. Haya. Unalipa, unatumiwa msimbo wa QR kwa barua pepe, unaambiwa uusome kwa kamera ya simu. Simu ipi tena? Msimbo wenyewe uko kwenye kioo cha simu hiyohiyo! Ufungue kwenye kompyuta au uuchapishe. Ukikosa vyote, chagua kuandika maelezo kwa mkono, unakili ile anwani ndefu isiyosomeka. Na kuiweka eSIM kunataka intaneti, kwa hiyo iweke ungali nyumbani. Ila soma masharti kwanza: zipo zinazoanza kuhesabu siku pale zinapokamata mtandao wa ugenini, zipo zinazoanza papo hapo.

Unafika, vijiti vimejaa, intaneti hakuna. Kwa nini? Kwa sababu kwenye laini hiyo mpya rominga inatakiwa iwe IMEWASHWA. Baada ya kelele zote zile! eSIM nyingi za wasafiri ni za kampuni ya nchi ya tatu, nayo hapo ni mgeni kama wewe. Ikigoma bado, jaza APN, jina la lango la intaneti la laini hiyo, herufi kwa herufi kama ulivyopewa. Kilichokatazwa ni kuifuta eSIM yenyewe ili uanze upya: misimbo mingi inatumika mara moja tu, ukifuta umenunua hewa.

Laini ya nyumbani usiing'oe. Iache hai, data yake ikiwa imezimwa, maana namba za uthibitisho za benki, zile za kutumia mara moja, zinakuja huko kwa mesiji. Na WhatsApp ikiuliza kama unabadilisha namba, kataa. Akaunti inafuata namba uliyojisajilia, laini uliyopachika haiihusu.

Benki yenyewe ikikuona umeingia kutoka nchi nyingine, inaweza kukufungia, kisha ikuelekeze upige namba fupi ya huduma kwa wateja. Namba fupi ukiwa nje haitoki. Tafuta ndefu, ile ya + iliyochapwa nyuma ya kadi. Itapokelewa na mashine, mashine itakupigia muziki, na muziki huo unalipiwa kwa dakika, bei ya rominga.