Unga wa makumbi na maji ya rangi: unafaa wapi, unakwama wapi

Penye korona ya mkonge, yaani mtambo wa kukwangua majani yapate nyuzi, mkoani Tanga hapakosi mlima wa makapi, kwani kilo 100 za majani hutoa takriban kilo 4 tu za nyuzi. Kuna makumbi ya nazi pia. Si ajabu basi kusikia kwamba malighafi hii ya bure ingeweza kusafisha maji machafu ya viwanda vya nguo na karakana za batiki. Inaweza, ila si kwa kila rangi, na hapo ndipo watetezi wake wanapopita haraka.

Lignini na selulosi, vitu vinavyojenga makapi haya, zikiwa ndani ya maji huwa na chaji hasi. Rangi zenye chaji chanya, kama methilini bluu, hunaswa upesi, ndiyo maana maabara zinaipenda mno. Lakini rangi nyingi za pamba, zile za riaktivu hasa (zinazojifunga kikemia kwenye uzi), zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na makapi. Ukishusha pH, kipimo cha ukali wa asidi, hadi 2 hivi, kunasa kunaongezeka. Lakini nani atanunua asidi hiyo yote, kisha chokaa ya kuirudisha?

Batiki ni habari nyingine. Rangi zake zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti (kemikali ya kuondoa oksijeni) hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka zikipata hewa. Mwaga maji kwenye beseni pana, koroga mara kwa mara, acha usiku kucha, chota ya juu. Usikimbilie kutia siki au asidi kabla ya hapo: haidrosalfaiti iliyobaki itatoa gesi ya salfa inayokaba kifua. Maji hayo ya juu ndiyo ya kupeleka kwenye makumbi.

Unga wenyewe uchekechwe upate chembe za nusu milimita hadi milimita moja. Laini zaidi huziba chujio, nene zaidi hunasa polepole. Uoshe mpaka maji yatoke meupe, la sivyo utaondoa buluu na kuachiwa rangi ya chai ya tanini, kemikali ya kahawia iliyomo kwenye makumbi. Makapi ya mkonge yanahitaji kuoshwa zaidi, maana utomvu wake unawasha ngozi. Kisha jaribu: chupa nne za lita moja ya maji yako, gramu 1, 2, 5 na 10 za unga mkavu, tikisa kwa saa moja, chuja, linganisha juu ya karatasi nyeupe. Weka na chupa ya tano, maji safi na gramu 5, uone unga wenyewe unatoa rangi gani.

Sasa hesabu. Tuseme gramu ya unga inanasa miligramu 20 za rangi. Karakana yenye lita 100 za maji, kila lita ikiwa na miligramu 200, inahitaji kilo moja. Kiwanda kinachotoa lita 100,000 kwa siku kinahitaji tani nzima, kila siku, tena tani kavu. Ikitoka imelowa ni tani kadhaa.

Mkaa wa vifuu haumalizi tatizo. Bila mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi haupati vinyweleo vya kutosha, na vingi vya vifuu ni vidogo mno kwa molekuli kubwa za rangi. Mbegu za mlonge, kwa chaji chanya ya protini zake, zinaafiki zaidi rangi hasi, lakini maji yaliyobaki na protini hizo huoza yakikaa. Mashudu yaliyokamuliwa mafuta ni nafuu kidogo.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba rangi haijaharibiwa, imehamishwa tu. Unga ulioshiba ukitupwa shambani, mvua inaweza kuirudisha mtoni. Ukiingizwa kwenye mtambo wa biogesi, kama ule wa makapi ya mkonge uliojengwa Hale, Tanga, rangi za azo, kundi kubwa la rangi za nguo, huvunjika pasipo oksijeni na kuacha kemikali ziitwazo amini, baadhi zikiwa za kusababisha saratani. Kwa maoni yetu, karakana yenye pipa la mfuniko na tanuri la joto kali la kuchomea inaweza kuanza. Kiwanda kitumie makapi kama hatua ya mwisho tu, baada ya matibabu mengine, na kabla ya kujenga kionyeshe tani ile ya kila siku itachomwa wapi.